Nyumba na Mwanga (2): Pazia Lisimeze Dirisha

Juma lililopita tulizungumzia rangi za kuta. Leo tufike dirishani, maana ndiko nyumba nyingi za hapa kwetu Tawa zinakopotezea mwanga wake.

Si kwamba jua limetunyima. Tawa iko kusini ya ikweta kwa chini ya digrii mbili, na jua la saa sita hupita juu sana mwaka mzima. Hata hivyo, ukibisha hodi saa nne asubuhi utakuta taa ya sebuleni inawaka. Dirisha lipo, ila limemezwa na kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee. Hata pazia likivutwa, mikunjo yake hubaki juu ya kioo, huku na huku.

Tiba ya kwanza ni fimbo. Dirisha likiwa na upana wa sentimita 120, funga fimbo ya 180, izidi 30 kila upande. Pazia likifunguliwa litalala ukutani, kioo chote kibaki wazi. Kitambaa nacho kiwe mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 360, kigawanywe vipande viwili. Ukimbania fundi hapo, pazia litakosa mikunjo lifanane na shuka iliyoanikwa.

Tiba ya pili ni shia, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Mchana nje kuna mwanga zaidi kuliko ndani, kwa hivyo mpita njia huona weupe mtupu, nawe unamwona yeye. Usiku ukiwasha taa mambo hugeuka: wewe ndiwe unayetazamwa. Ndiyo sababu mapazia huwa mawili, shia ya mchana na zito la usiku.

Tazama pia dirisha linaelekea wapi. La kaskazini na la kusini hukingwa na upenu wa mabati, kwa kuwa jua la adhuhuri liko juu. Hapo shia yatosha mchana kutwa. La magharibi hupigwa na jua la saa kumi linaloingia kwa mshazari hadi kwenye makochi. Hilo lipe pazia zito la rangi ya maziwa, lenye bitana nyeupe. Rangi iliyokoza hunywa mwanga na joto, kisha hupauka.

Najua utasema: na vumbi jekundu la Septemba, kabla mvua hazijashuka? Pazia jeusi halizuii vumbi, hulificha tu, na ukilikung'uta utapiga chafya. Nunua kitambaa unachoweza kufua mwenyewe kwenye karai. Kikiwa cha pamba, kiloweke na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi, kwani pamba hurudi. Na dukani usikiamini kikiwa kwenye robota. Kitoe mlangoni, kinyooshe mbele ya jua, tia mkono nyuma yake. Ukiona vidole vyote, hiyo ni shia. Ukiona kivuli cha kiganja, ni cha chumba cha kulala.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Nyumba za mawe za Lamu zina madirisha machache ya barabarani, lakini mwanga hushuka kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, ukapokewa na kuta za chokaa nyeupe. Madirisha yetu ni makubwa kuliko hayo. Kabla ya kununua kitambaa, basi, sogeza kwanza fimbo.

Juma lijalo: taa, na mahali pa kuitundika.