Tak Moja, Alafu Kimya

Mangware ya Julai, baridi ya Nairobi inauma maskio, na mi niko nyuma ya usukani wa moti ya mzae huku Umoja. Nageuza funguo. Tak. Moja tu, ka mtu amegonga mlango na nyundo ndogo alafu akaishia. Taa za dashibodi zinawaka fiti, redio inaimba, injini haijashtuka hata kidogo. Nageuza tena. Tak. Ya tatu inashika, inanguruma ka hakuna kitu imewahi kufanyika.

Hiyo moti ni Toyota mia, Corolla AE100, injini ya 5A-FE, gia ya mkono. Hiyo shepu ilitoka Japani 1991, na mtaani bado ziko mob ju spea zake hazijawahi kuwa shida. Mzae aliichukua nikiwa mdogo. Ndio ilikuwa inanipeleka shule, ndio ilikimbiza mathe hosi usiku ule sista yangu alizaliwa. Siwezi iita mkebe, na siwezi iacha ife ju ya kitu sijui ni nini.

Noma ya shida ya kukuja na kuenda ni hii: ukifika kwa fundi, imepona. Anawasha mara kumi, inawaka mara kumi. Sasa anabaki kukisia, na kila akikisia ni ganji yako inatoka. Fundi wa kwanza aliniambia ni betri. Nikatoa thao tisa, nikaweka mpya. Wiki mbili hazijaisha, tak. Wa pili akasema stata imekufa, nilete thao saba anitafutie ya mtumba kutoka Japani. Hapo nikasema zii, sitoi hata soo ingine mpaka nijue penye imeharibika. Ile betri ya zamani haikuwa na makosa yoyote. Iko kwa keja ya binangu, inamwashia taa hadi wa leo.

Nikaanza kuandika kwa simu. Kila asubuhi: saa ngapi, kuna baridi ama joto, sauti gani, na nini iliifanya ikubali. Ukiwa na moti ya zamani, hii ndio kitu ya maana zaidi naeza kushow. Shida inapotea, lakini haipotei bila kuacha alama, na we ndio uko hapo ikitokea. Fundi hayuko.

Maskio ndio mita ya kwanza. Ukiskia tak-tak-tak-tak ya haraka, ka mvua kwa mabati, stima ni kidogo. Solenoidi ya stata inavuta, volti zinaanguka, inaachilia, inavuta tena. Cheki betri, na kabla ya betri cheki taminali zake, ju ule unga mweupe ama wa kijani unazuia stima ka kizibo. Maji moto na magadi inautoa, alafu spana ya 10 inakaza. Ukiskia injini ikizunguka polepole ka mzee anapanda ngazi, hapo pia ni betri, ama ile waya nene ya athi penye inashika bodi imeshika kutu. Kimya kabisa, hata tak hakuna, ni swichi ya funguo ama kawaya kembamba ka kuenda stata. Wenye wana otomatiki, jaribuni kuwasha na gia ya N. Ikikubali kwa N na imekataa kwa P, swichi ya kwa giaboksi ndio inawasumbua.

Na kuna ile ingine, inazunguka na nguvu zote lakini haishiki. Hiyo sahau stata. Hapo unatafuta moto wa plagi ama mafuta, na ka inakuja tu moti ikiwa imechemka kwa jam ya Thika Road alafu ikipoa inawaka, shuku koili ama sensa yenye inachoka na joto.

Yangu ilikuwa tak moja, nzito, na haikuchagua baridi ama joto. Kwa simu nilikuwa nimeandika siku kumi na nne, na tano zilikuwa mbaya. Mara mbili maboyz wa base walinisukuma, nikaachilia klachi kwa gia ya pili, ikawaka hapo hapo. Hiyo kusukumwa ilinichanua ka maneno ya daktari: injini ni nzima, moto uko, mafuta yako. Shida iko katikati ya funguo na stata.

Nikajaribu na taa. Washa zile kubwa, angalia mwangaza wao kwa ukuta, geuza funguo. Zikififia zikakaribia kuzima, stima inavutwa lakini haitoshi. Zangu hazikutingishika. Yaani stata ilikuwa haijavuta chochote, na betri imejaa.

Sasa nikachukua mita ya dijito. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, hiyo ni imejaa. Siku poa, stata ikizunguka, ilishuka 10.4, na hiyo ni sawa. Ikipita chini ya 9.6 ndio uanze kushtuka. Alafu nikangoja asubuhi mbaya. Ilikuja Alhamisi. Broo yangu mdogo akakaa kwa usukani, gia imetolewa, handibreki juu, mi nimeinama na waya za mita. Akageuza: tak. Kwa ile nati kubwa ya stata kulikuwa na 12.3. Akageuza tena: tak. Kwa kale kawaya kembamba, 11.5. Stima yote ilikuwa imefika mlangoni, na stata haikuzunguka. Hakuna waya ingine ya kulaumu. Shida iko ndani.

Kabla uguse stata, toa taminali ya negativi kwa betri. Ile waya nene inaishi na stima saa zote na haina fyuzi. Spana ikigusa bodi, itachomelea hapo na mkono wako uko karibu.

Tukaifungua kwa gunia, nje ya geti. Nyuma ya kifuniko cha solenoidi kuna vipande viwili vya shaba, na katikati kuna kisahani cha shaba kwa fimbo. Ukigeuza funguo, hicho kisahani kinasukumwa kinagusa vyote viwili, na hapo stima nzito inapita. Kipande cha upande mmoja kilikuwa bado kinene. Cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa mpaka kikawa na bonde, kimeungua rangi nyeusi na bluu pembeni, makali yake ka ukucha. Kisahani kilikuwa kinafika kwa kimoja na kukosa kingine na upana wa karatasi. Fimbo huwa inajizungusha kidogo, kisahani kikipata penye bado kuko juu, inawaka. Ndio maana ya tatu ilikuwa inakubali.

Nikapanda mathree hadi Grogan, penye ramani inaandika Kirinyaga Road, nikiwa na kile kipande kwa mfuko. Msee wa duka alikiangalia mara moja tu, akaingiza mkono kwa kisanduku, akatoa viwili vipya. Jirongo, na chenji akanirudishia. Tukafunga na broo, tukasafisha kisahani na sandpepa laini, tukakaza kila kitu.

Mzae alikuja kutoka ushago Jumapili. Hakuna mtu alikuwa amemwambia chochote. Aliketi, akavuta kiti mbele venye huwa anapenda, akageuza funguo. Ikashika ya kwanza. Akazima, akaniangalia, akawasha tena. Alafu akaniambia nipande, akaweka gia, tukaenda kumchukua mathe kanisani.