Boksi la spika: gundi ndiyo inayobeba besi

Harusi ilikuwa Msambweni, mkesha wa Jumamosi. Kina mama wameshajipanga, leso mpya zimefungwa, taarabu imeanza kunoga. Mara besi ikaanza kukoroma. Kwanza tulidhani ni waya, kisha tukadhani ni amplifaya. Kijana mwenye mitambo akazunguka na tochi, akaweka kiganja juu ya boksi, akajua papo hapo. Ubao wa mbele, aliouunganisha kwa mbao mbili za plaiwudi, ulikuwa umeachana, na tabaka zake zinapigana makofi ndani. Boksi lenyewe halikuwa limetimiza miezi sita. Yeye na wenzake watatu walilijenga kwa pesa za chama, na usiku ule wakamrudishia mwenye shughuli nusu ya malipo.

Kisa hiki si cha mmoja. Kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga wako vijana wengi wanaojijengea maboksi ya spika, kwa sababu spika nzuri za dukani bei yake haishikiki. Kazi hii ni ya halali na inalisha watu. Lakini boksi la pwani lina adui ambaye boksi la bara halina: unyevu wa bahari. Basi leo tuzungumze ubao: upatikane wapi, uchaguliwe vipi, na mbao mbili zigandishwe vipi ziwe kitu kimoja.

Kwa nini ubao mnene?

Spika inapopiga, koni yake huenda mbele na nyuma. Sauti hutoka pande zote mbili, na ile ya nyuma ikikutana na ya mbele hasa kwenye besi, huuana. Kazi ya boksi ni kuzitenganisha. Lakini hewa iliyofungiwa ndani husukuma kuta kila koni inapotembea. Ukuta ukiwa laini hutikisika, nao hugeuka spika ya pili isiyotakiwa. Hapo ndipo unaposikia besi inavuma kama pipa tupu.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hatulijui. Ugumu wa ubao hauongezeki sawa na unene wake. Ukizidisha unene mara mbili, ugumu unazidi mara nane. Ndiyo maana ubao mmoja wa milimita 36 hauwezi kulinganishwa na wa milimita 18. Lakini ukiziweka mbao mbili za 18 moja juu ya nyingine bila kuzigandisha, au ukazishika kwa misumari michache tu, utapata ugumu mara mbili, si mara nane, kwa sababu kila ubao unapinda peke yake na kuteleza juu ya mwenzake. Gundi iliyoshika kila mahali ndiyo inayozifanya ziwe ubao mmoja. Yule kijana wa Msambweni alilipia unene, lakini ugumu hakuupata.

Wapi na plaiwudi gani?

Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ukunda huuza shiti za futi 8 kwa 4. Unene wa milimita 18 ndio unaopatikana kwa urahisi. Zaidi ya hapo ni shida, na ndiyo maana ya kugandisha. Shiti moja ya milimita 18 ina uzito wa takriban kilo 30, kwa hivyo usiibebe nzima juu ya bodaboda ikapinda njiani. Peleka vipimo vyako, ikatwe pale pale dukani, kisha vipande viende kwa tuktuk vikiwa vimelala.

Plaiwudi ya humu nchini hutoka zaidi viwanda vya bara, kama vya Eldoret na Elburgon, kwa miti kama msonobari na mkaratusi. Tangu serikali isimamishe ukataji miti misituni Februari 2018, hadi Rais William Ruto alipotangaza Julai 2023 kwamba marufuku imeondolewa, mbao zilikuwa adimu na za kutoka nje zikawa nyingi sokoni. Leo utakuta za aina zote zimesimama pamoja ukutani, na kwa macho zinafanana. Kwa hivyo kagua mwenyewe:

Kwanza, tazama ukingo. Hesabu tabaka. Kwa unene ule ule, tabaka nyingi nyembamba ni bora kuliko chache nene. Ukiona matundu kati ya tabaka, iache. Tundu moja ndani ya ubao wa spika litakukoromea maisha yake yote.

Pili, gonga kwa kifundo cha kidole kutoka pembe hadi pembe. Mlio ukibadilika ghafla ukawa wa uwazi, hapo ndani pana pengo.

Tatu, omba kipande cha mabaki, ukakichemshe kwenye sufuria kuukuu kwa saa kadhaa. Plaiwudi ya gundi ya ndani ya nyumba itaanza kufunguka kama chapati za kusukuma. Iliyotengenezwa kwa gundi ya kustahimili maji, ambayo mara nyingi huonekana ukingoni kama mistari ya rangi ya kahawia iliyoiva, itabaki imeshikana. Jina la marini lililopigwa muhuri juu ya ubao si ushahidi. Sufuria ndiyo shahidi.

Chipbodi na MDF ziache. MDF ina sauti nzuri, na kwa nyumba yenye kiyoyozi inafaa, lakini ikinyonya maji hufura na hairudi tena. Wengine hushawishika na mbao nzima za mvule au mbambakofi. Ubao mzima hutanuka na kunywea majira yanapobadilika, kwa hivyo boksi hupasuka kwenye maungo. Na tusisahau kwamba misitu yetu ya kaya, Kaya Kinondo ikiwemo, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Mti wa kaya si wa kwenda kupigia muziki.

Iko njia moja ya rahisi ambayo mafundi wengi wanaipita. Diani majengo hayaishi kujengwa, na ile plaiwudi nyeusi inayotumika kumwagia slabu huuzwa kwa bei ya chini kazi ikiisha. Nyingi imegandishwa kwa gundi ya kustahimili maji. Chagua zilizonyooka, ng'oa misumari yote, kwangua saruji. Ila kumbuka: ule utando mweusi haushiki gundi. Sharti uusugue kwa msasa upande wa kugandishwa hadi mbao yenyewe ionekane kote.

Kugandisha

Waundaji wa vyombo wa Vanga na Shimoni hawalazimishi ubao mbichi, na sisi tuwaige. Laza vipande vyako ndani ya karakana siku kadhaa kabla ya kazi, vikiwa bapa na hewa inapita kati yake, vizoee hali ya hapo. Ukiweza, fanya kazi hii majira ya kaskazi, si katikati ya mvua za masika.

Tumia gundi nyeupe ya mbao, na ununue ile iliyoandikwa kuwa inastahimili maji. Gundi ya manjano ya kugusisha, wanayotumia mafundi viatu, usiitumie hapa. Hubaki kama mpira, na mbao huteleza taratibu hadi ugumu wote unapotea.

Sugua nyuso mbili kwa msasa, pangusa vumbi, kisha mimina gundi na kuitandaza kwa kipande cha plastiki chenye meno au kwa rola ndogo. Kipimo ni gramu 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba. Kwa ubao wa sentimita 60 kwa 40, hiyo ni kama gramu 40 hadi 50. Isiwe madoa madoa, isiwe mistari katikati na pembe zimekauka. Tandaza yote, na fanya kazi hii alfajiri. Jua likishapanda, gundi huanza kushika ngozi ndani ya dakika chache, na ikishashika ngozi imekufa.

Zilaze pamoja, kisha piga skrubu kutoka upande wa nyuma, kila sentimita 10 hadi 15, ukianzia katikati ukielekea kingo ili hewa na gundi ya ziada vitoke nje. Ubao wa juu utobolewe mashimo yanayopita skrubu kwa uhuru, la sivyo skrubu zitazishika mbao mbili zikiwa na nafasi kati yake. Kama una klampu, bana kingo zote. Kama huna, weka juu ubao mwingine mnene, kisha mitungi ya lita 20 iliyojaa maji. Kila mmoja ni kilo 20, na mitungi kumi ni kilo 200. Utajua umefanya vizuri ukiona shanga ndogo za gundi zimetoka ukingoni pande zote. Upande usiotoa shanga haukushika. Iache saa 24, kisha ng'oa skrubu kama zitakuwa kwenye njia ya msumeno.

Kabla ya kukata tundu la spika, jaribu kwanza kwenye mabaki uliyoyagandisha siku hiyo hiyo. Ingiza patasi kwenye mstari wa gundi na ukaze. Ikichanika mbao yenyewe, umefaulu. Ikiachana safi kwenye gundi, rudia kazi sasa, kabla ya harusi.

Usizidishe

Kosa la upande wa pili ni kulifanya boksi zima liwe nene. Chukua boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 60 kwa nje. Kwa ubao wa milimita 18, ndani lina lita 75 hivi. Ukilifanya milimita 36 pande zote, zinabaki lita 57 hivi. Umepoteza karibu robo ya nafasi, na besi uliyopigia hesabu si hiyo tena. Uzito nao unakaribia kuwa mara mbili, na wa kubeba ni wewe.

Ubao mnene unahitajika mbele, panapofungwa spika. Kuta nyingine ziwe za 18, zikiunganishwa ndani kwa mikingamo, yaani vipande vya plaiwudi kutoka ukuta hadi ukuta, visivyokaa katikati kabisa. Mkingamo mmoja hugawanya ukuta mkubwa kuwa midogo miwili iliyo migumu zaidi, kwa gharama ya mabaki uliyokuwa utayatia jikoni.

Mwisho, kamba hukatikia pembamba, na plaiwudi pembamba pake ni ukingo. Maji huingilia hapo. Paka kingo zote, na mzunguko wa tundu la spika, gundi iliyochanganywa na maji kidogo au vanishi, mara mbili au tatu, ndani na nje, kabla ya rangi. Na unapokata na kusugua, vaa barakoa. Vumbi la mbao zenye gundi si la kuvuta.

Vyuo vya ufundi vya kaunti yetu hufundisha milango, madirisha na vitanda. Ingekuwa vyema wakaongeza wiki moja ya kugandisha mbao, maana soko liko, kila Jumamosi.

Yule kijana wa Msambweni alilifungua boksi lake, akakuta gundi imekaa katikati tu, mviringo kama sahani, na pembe zote nne kavu. Alinunua ubao mmoja na chupa moja ya gundi, akaazima mitungi ya jirani. Wiki tatu baadaye nililisikia boksi lile lile kwenye harusi nyingine, na safari hii nililolisikia ni ngoma, si ubao.