Mpira wa Chooni na Maji ya Jirani

Familia ya Kiswahili ikihamia nyumba mpya Uingereza, pengo la kwanza huonekana chooni. Vigae vinang'aa, maji ya moto yapo, lakini pembeni kuna karatasi peke yake. Wengine huendelea na kopo kama walivyozoea nyumbani. Wengine huagiza mtandaoni ule mpira mfupi wenye kichwa cha kunyunyizia maji, ambao Waarabu huuita shatafu. Fundi, au shemeji mwenye spana, huufunga kwenye bomba linalojaza tangi la choo, na kazi huisha kwa muda mfupi.

Wengi hawajui kwamba mpira huo ukifungwa hivyo, moja kwa moja kwenye bomba la maji ya kampuni, ni kinyume cha sheria. Sheria haikatazi mtu kustanji kwa maji. Inachokataza ni kuunganisha choo na maji ya kunywa bila kinga ya kutosha.

Kwa kawaida maji huja kwetu kwa sababu presha ya bomba kuu huyasukuma. Presha hiyo ikishuka ghafla, maji yanaweza kugeuza njia. Bomba la mtaa likipasuka, au zimamoto wakivuta maji mengi kuzima moto, bomba kuu huanza kunyonya badala ya kusukuma. Aliyewahi kuona mtu akinyonya mafuta ya taa kutoka kwenye pipa kwa mpira anaujua mchezo huu: yakishaanza kutembea, huendelea yenyewe. Sasa chukulia kichwa cha ule mpira kimeanguka ndani ya bakuli la choo, na koki yake imeachwa wazi. Kilichomo chooni kinaweza kuvutwa hadi kwenye bomba. Watakaokunywa kwanza ni watu wa nyumba hiyohiyo, kwa koki ya jikoni. Kwenye jengo la fleti, wanaofuata ni majirani.

Mambo haya yamewahi kutokea. Mwaka 1969 timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, Massachusetts, ilikumbwa na homa ya ini aina A. Kati ya wachezaji na makocha 97, 90 waliambukizwa. Timu ilikuwa imecheza mechi mbili tu. Nane zilizobaki zikafutwa. Uchunguzi uligundua kwamba zimamoto walikuwa wakizima moto mjini, presha ikashuka, na maji machafu yaliyotuama kwenye vinyunyizio vya ardhini, mahali walipocheza watoto wenye ugonjwa huo, yakavutwa ndani ya bomba ambalo timu ilikunywa.

Maji yanaweza pia kurudi kwa kusukumwa, pale upande mchafu unapokuwa na presha kubwa kuliko upande safi. Mwishoni mwa Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Finland, valvu iliyounganisha bomba la maji yaliyotoka kwenye mtambo wa majitaka na bomba la maji ya kunywa ilifunguliwa na kuachwa wazi. Lita zipatazo 450,000 ziliingia kwenye maji ya mji. Mji ulikuwa na watu wapatao 30,000, na zaidi ya 8,000 kati yao waliugua.

Ndiyo maana England na Wales zina Kanuni za Vifaa vya Maji za mwaka 1999, na Scotland na Ireland Kaskazini zina kanuni zao zinazofanana nazo. Kanuni hizo huyagawa maji katika madaraja matano kwa hatari yake. Daraja la kwanza ni maji safi ya kampuni. La pili ni maji yaliyobadilika kidogo tu, kwa mfano kwa kupashwa moto. La tatu yana hatari ndogo kwa afya na la nne hatari kubwa zaidi. La tano ndilo la hatari kubwa kuliko yote, na maji ya bakuli la choo yamo humo.

Kila daraja lina kinga yake. Wauzaji wengi wa mipira ya chooni husema bidhaa yao ina valvu ya kuzuia maji yasirudi. Lakini hata valvu pacha, yaani mbili zilizofuatana, inakubalika kwa daraja la tatu tu. Valvu ina springi na raba. Chembe ya mchanga ikikwama humo haifungi tena, na kwa nje hutaona kitu. Kwa daraja la tano sheria inataka nafasi ya hewa: maji yadondoke kutoka juu na kuingia chombo kingine, bila bomba kugusa maji yaliyomo. Hewa haichakai wala haikwami.

Kwa hiyo anayetaka mpira wa chooni ana njia za halali. Ya kwanza ni kuwekewa tangi dogo la pekee, linalojazwa kupitia nafasi ya hewa, na pampu ya kupeleka maji kwenye mpira. Ya pili ni kiti cha choo cha kunyunyizia chenye nafasi ya hewa ndani yake. Dai uthibitisho kwamba kimeidhinishwa kwa daraja la tano. Ya tatu ni kopo letu la siku zote. Ukilijaza kwenye koki ya sinki, kati ya koki na kopo kuna hewa, na hakuna kitakachorudi. Bibi zetu walitimiza kanuni hii kabla haijaandikwa.

Kabla ya kufunga mpira wa aina hii, sheria inakutaka uiarifu kampuni yako ya maji na kupata kibali. Taarifa hailipiwi. Siku 10 za kazi zikipita bila jibu, huhesabiwa kuwa umekubaliwa, lakini kazi bado lazima ifuate kanuni. Anayekiuka anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Ukiwa mpangaji, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Mafundi bomba walioidhinishwa wamo kwenye orodha ya WaterSafe. Mwulize fundi wako kama yumo kabla hajatoa spana.

Kagua na mipira mingine ya nyumbani. Koki ya bustani inahitaji valvu pacha. Wakati wa joto, usiache mpira umezama kwenye bwawa la plastiki la watoto au kwenye ndoo ya sabuni. Koki ya sinki nayo ikae juu ya ukingo, angalau milimita 20 kwa koki ndogo za kawaida, ili sinki likijaa maji yasiifikie.

Walio Marekani watakuta kanuni zinatofautiana kwa jimbo na mji. Sehemu nyingi, mwenye mfumo wa kumwagilia majani uliochimbiwa ardhini hutakiwa kuweka kifaa cha kuzuia maji kurudi, na kukipima kila mwaka kwa fundi mwenye cheti. Barua ya namna hiyo ikikufikia kutoka idara ya maji ya mji wako, usiitupe ukidhani ni tangazo la biashara.

Uzito wa jambo hili unazidi kwenye majengo yetu ya pamoja. Msikiti au ukumbi wa jumuiya unaweza kuwa na vyoo kumi, kila kimoja na mpira wake, na bomba hilohilo likapeleka maji jikoni na kwenye koki wanayonywea watoto wa madrasa. Kamati nyingi huwa na mtu wa kushughulikia umeme na zimamoto. Katika kikao kijacho, mwulizeni nani ameikagua mipira ya chooni, na kama kampuni ya maji iliarifiwa. Kama hakuna anayejua, fungeni koki za mipira hiyo, rudisheni makopo, kisha mwiteni fundi.