Mtumbwi Mkuukuu: Mbao Kwanza, Mtambo Baadaye

Geita ikitajwa mbele ya mgeni, jambo la kwanza linalomjia ni dhahabu; ikitajwa Shinyanga, hufikiri almasi ya Mwadui au pamba. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, una ufuko wa Ziwa Viktoria, na kwamba kule Nkome na Chato wako watu ambao hawajashika sururu ya machimbo hata siku moja, nao hula jasho lao kwa nyavu.

Twaandika haya kwa sababu machimbo nayo hufika mwisho. Mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009. Kufikia mwaka 2021 kazi ya kutoa dhahabu ilikuwa imekwisha. Mfanyakazi atokaye mgodini na kiinua mgongo chake mkononi hakosi rafiki wa kumshauri anunue mtumbwi. Mpya ni ghali. Basi hutafuta mkuukuu, na fedha iliyobaki huitia yote katika mtambo wa kupachika nyuma. Hapo ndipo tunapopenda kumshika ndugu yetu mkono na kumwambia: ngoja kwanza.

Mtumbwi tunaousema si gogo lililochongwa, bali ni mbao zilizopigiliwa misumari juu ya mkuku na mataruma. Mingi katika ile mikuukuu iliundwa kwa ajili ya kasia na tanga. Mtambo ni mzigo wa namna nyingine. Hukaa tezi peke yake, hutikisa mbao usiku kucha, na uzito wake pamoja na wa petroli huelemea upande mmoja. Mbao za tezi zikiwa zimeoza, hazitaachana pale ufukoni mbele ya fundi. Zitaachana saa nane za usiku, mbali na nchi kavu, watu wanne wakiwa ndani na upepo umekwisha geuka. Ziwa lile lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Maji yake hayana chumvi, lakini mawimbi yake hayana tofauti kubwa na ya bahari.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kupandisha chombo juu, kukipindua na kukiacha kikauke. Rangi isimdanganye mnunuzi. Twajua wauzaji wanaopaka rangi wiki ile ile ya kuuza. Kwenye mishono ya mbao mafundi wa ziwani hupigilia vipande vya bati. Bandua bati hilo, maana uozo hupenda kujificha chini yake. Kisha choma kisu kando ya kila msumari. Kikizama kama katika boga lililoiva, ubao huo haufai, na kuongeza msumari wa pili karibu na wa kwanza ni kuupasua tu. Taruma lililooza halifungwi kwa waya, hutolewa likawekwa jingine. Ubao mpya lazima uwe umekauka vema, kwa kuwa mbichi husinyaa na kuacha nyufa kila chombo kipandapo ufukoni. Na misumari iwe ile iliyochovywa zinki, japo bei yake imezidi kidogo.

Ndipo huja kalafati, na hapa mkulima wa Shinyanga huingia katika kazi ya mvuvi bila kujua. Nyuzi za pamba husokotwa, zikashindiliwa katika mishono kwa patasi butu na nyundo, kisha hufunikwa. Fundi mwenye haraka hushindilia kwa nguvu zote, akidhani ndiyo bidii. La hasha! Ubao mkavu ukishaingia majini huvimba. Pamba ikikazwa kupita kiasi ubao hukosa nafasi, ukasukuma misumari nje. Kazi hii yataka mkono wa mtu mzima aliyekwisha kuharibu mitumbwi ya kutosha!

Baada ya hayo yote ndipo mtambo unaponunuliwa, na kabla haujafungwa, tezi hutiwa ubao mnene uliokazwa kwa parafujo za kupenya hadi upande wa pili, pamoja na magoti ya mbao yanayoushika ubao huo na mkuku. Ikibaki fedha, taa za umeme wa jua kwa uvuvi wa dagaa badala ya karabai, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu, si kwa nahodha peke yake.

Hatuzidharau boti za kisasa za faiba ambazo Serikali ilizizindua kwa mkopo huko Mwanza mnamo Januari 2024. Lakini si kila mvuvi atazifikia, na kitu cha zamani si kitu kibovu. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi ziwani humo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilikarabatiwa, ikatiwa mitambo mipya, na mwaka 2020 ikarudi kubeba abiria kati ya Mwanza na Bukoba.

Mtumbwi uliokwisha kutengenezwa hauendi kuvua siku hiyo hiyo. Huachwa umefungwa kwenye maji mafupi siku mbili tatu, mbao zivimbe. Maji yatakayoingia usiku wa kwanza yasimtishe mwenyewe, ayafue, alale. Asubuhi ya tatu akikuta maji ya kujaza kopo moja, na apachike mtambo. Akikuta yanafika vifundoni, amwite fundi.