Raketi ya nguvu katika pikoboli: Namna ya kuipima kabla ya kulipa

Mchezo wa pikoboli, uliobuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, huhitaji eneo la mita 18.29 kwa 9.14. Ukubwa huo ni karibu sawa na ule wa uwanja wa mpira wa wavu, ambao ni mita 18 kwa 9. Kwa hiyo shule au klabu ya Bukoba au Muleba yenye uwanja wa wavu wa saruji tayari inayo sehemu ya kuchezea, ikibaki tu kuchora mistari na kushusha wavu hadi sentimeta 86.4 katikati.

Gharama iko kwenye raketi. Raketi za daraja la juu zinazotangazwa kuwa ni za "nguvu" huuzwa kwa zaidi ya dola 200 za Marekani moja, na mnunuzi wa Bukoba huongeza juu yake gharama ya kuifikisha, iwe kwa kupitia Mwanza au kwa mpaka wa Mutukula. Anayenunua kwa njia hiyo hapati nafasi ya kuijaribu kwanza, na kuirudisha ikimshinda ni shughuli inayoweza kula fedha nyingine. Ni vyema basi ajue mapema neno hilo "nguvu" lina maana gani, na linamgharimu nini uwanjani.

Ikumbukwe kwamba raketi ya pikoboli haina nyuzi. Ni bapa, kubwa kuliko ile ya mpira wa meza na ndogo kuliko ya tenisi, na mpira wake ni wa plastiki wenye matundu. Za mwanzo zilikatwa kutoka kwenye mbao za plaiwudi. Mwaka 1984 Arlen Paranto, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing, alitengeneza raketi kwa paneli nyepesi zilizokuwa zikitumika katika sakafu za ndege, ambazo ndani yake zina vyumba vidogo mfano wa sega la nyuki. Raketi nyingi za leo bado zinafuata wazo hilo: kiini cha sega la plastiki, na juu yake nyuso mbili za nyuzi za kaboni au fibaglasi.

Raketi yenyewe haizalishi nguvu. Nguvu hutoka mkononi mwa mchezaji na katika kasi ya mpira unaokuja. Kazi ya raketi ni kurudisha sehemu ya nguvu hiyo, na hapo ndipo zinapotofautiana. Mpira unapogonga uso mgumu usiotikisika, mpira wenyewe ndio unaobonyea, na kwa kubonyea hupoteza nguvu nyingi. Uso ukiwa unanepa kidogo na kurudi, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri, mpira hubonyea kidogo zaidi na hurushwa kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana raketi yenye kiini chembamba, cha milimita 13 au 14, kwa kawaida hurusha mpira kwa ukali kuliko ile ya milimita 16 ya muundo ule ule, na uso wa fibaglasi kwa kawaida hurusha zaidi ya ule wa kaboni.

Umbo nalo lina sehemu yake. Kanuni za USA Pickleball, chombo kinachosimamia mchezo huo Marekani, zinataka urefu na upana wa raketi vikijumlishwa visizidi sentimeta 60.96, na urefu peke yake usizidi sentimeta 43.18. Uzito hauna kikomo. Watengenezaji wa raketi za nguvu hurefusha na kupunguza upana, ili ncha yake iende kwa kasi zaidi mkono unapozunguka. Matokeo yake ni kwamba eneo zuri la kupigia huwa jembamba, na mpira unaogonga pembeni huizungusha raketi mkononi.

Mashindano ya watengenezaji katika jambo hili yamewahi kuvuka mpaka. Mei 2024 USA Pickleball iliziondoa katika orodha yake ya raketi zilizoidhinishwa baadhi ya raketi za kampuni ya JOOLA, kwa maelezo kwamba zilizokuwa sokoni hazikuwa sawa na zilizowasilishwa kwa vipimo. Mwishoni mwa mwaka huo chombo hicho kilianza kutumia kipimo kipya, ambapo mpira hurushwa kwa mtambo kwenye raketi na kasi yake ya kurudi hupimwa. Kwa mnunuzi wa mbali, somo la tukio hilo ni dogo lakini la lazima: nembo ya idhini iliyochapwa kwenye raketi haitoshi. Orodha yenyewe hubadilika, na raketi iliyoondolewa inaweza kuendelea kuuzwa kwa bei ya kuvutia kwa watu wasiojua.

Mizani ndogo ya jikoni inatosha kwa kipimo cha kwanza. Raketi nyingi zina uzito wa kati ya gramu 215 na 240. Hata hivyo, uzito wa jumla hausemi yote, kwa kuwa gramu 230 zilizolala kwenye mpini ni jambo moja, na gramu hizo hizo zikiwa kwenye ncha ni jambo jingine kabisa. Raketi ilazwe juu ya ukingo wa rula hadi itulie, kisha ipimwe umbali kutoka mwisho wa mpini hadi hapo ilipotulia. Ikilinganishwa kwa njia hiyo na raketi nyingine ya uzito unaokaribiana, ile yenye umbali mrefu zaidi ni nzito kichwani. Itapiga kwa uzito, lakini itachelewa kugeuka mchezaji anapokuwa karibu na wavu.

Wapo wanaoamini kwamba kudondosha mpira juu ya raketi kunaonyesha nguvu zake. Hakuonyeshi mengi. Mpira ulioachiwa kutoka mita 1 hufika chini kwa takriban kilometa 16 kwa saa, kasi ambayo ni ndogo mno kuunepesha uso kama unavyonepa katika mchezo halisi. Jaribio hilo lina faida moja tu, nayo ni kusikiliza. Uso upigwe kidogo kidogo kuanzia katikati hadi pembeni. Sehemu moja ikitoa sauti nzito na tupu tofauti na zote, huenda uso umeachana na kiini au kiini kimepondeka. Raketi ya namna hiyo mara nyingi hurusha mpira kwa ukali kupita kiasi kwa muda, na mwenye nayo akadhani ameokota dhahabu, kumbe imeharibika na haifai kwa mashindano.

Kipimo chenye uzito ni cha uwanjani, na hapa mazingira ya Kagera yanaingia. Mchezaji wa soka aliyezoea nyasi bandia za Uwanja wa Kaitaba havai viatu vile vile kwenye uwanja wa udongo wa kijijini, na raketi pia ina mahali pake. Ziwa Victoria liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi. Hewa ya Bukoba ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, hivyo humzuia mpira kidogo zaidi. Pigo ambalo Dar es Salaam lingeangukia ndani ya mstari wa nyuma, Bukoba linaweza kutoka nje. Mchana upepo wa ziwani nao huvuma kuelekea nchi kavu, na mpira huu mwepesi wenye matundu huyumbishwa nao kwa urahisi. Anayenunua nguvu za ziada kwa mazingira haya ananunua kitu ambacho hewa imeshampa sehemu yake bure.

Jaribio lenyewe halihitaji fundi. Mchezaji asimame kwenye mstari wa nyuma na kupiga mipira 20 ya kudondosha taratibu katika lile eneo la mita 2.13 kutoka kwenye wavu, ambalo wachezaji huliita "jikoni" na ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda. Kisha apige mipira 20 kwa nguvu, na kila mara ahesabu iliyoingia. Arudie kwa raketi ya kawaida ya milimita 16, asubuhi kabla ya upepo na tena alasiri. Raketi ya nguvu ikimpunguzia mipira minne au mitano ya kudondosha, hasara hiyo hailipwi na mapigo machache ya kushangiliwa, kwa sababu mchezo huu kwa sehemu kubwa huamuliwa pale karibu na wavu.

Kuna suala la usalama pia, ambalo matangazo hayaligusi. Wachezaji wawili waliosimama kila mmoja kwenye ukingo wa jikoni yake wametenganishwa na mita 4.27. Mpira unaokwenda kilometa 60 kwa saa huvuka nafasi hiyo kwa takriban robo ya sekunde, muda unaomwacha mtu na nafasi finyu ya kuinua mkono. Ukienda kilometa 70, nafasi hiyo huwa finyu zaidi. Klabu itakayoruhusu raketi hizi kwa wanafunzi wanaojifunza ingefaa kuwanunulia kwanza miwani ya kukinga macho.

Kwa shule, hesabu ni nyepesi. Fedha ya raketi moja ya nguvu inaweza kununua raketi kadhaa za kawaida. Aidha, fundi seremala wa Bukoba au Muleba anaweza kukata za plaiwudi kwa kufuata vipimo vilivyotajwa hapo juu. Zitakuwa nzito na hazitadumu zikiachwa mvuani, lakini zitawaweka watoto wengi uwanjani kwa siku moja.

Mchezaji anayefaidika na raketi ya nguvu ni yule ambaye mipira yake tayari inaingia, lakini wapinzani wanaifikia bila taabu. Naye asikimbilie dukani. Utepe mzito wa gramu 3 hadi 6, ukibandikwa kwenye kingo zote mbili za raketi aliyonayo, huongeza uzito wa pigo na kuituliza raketi isizunguke mkononi. Ukimchosha bega, huubandua jioni ile ile.