Je, Wajua? Figo Iliyozimika Huweza Kuamka

Je, wajua kwamba figo zako mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, huchuja takriban lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote mwilini na kukuachia lita moja na nusu hivi ya mkojo?

Wajua vinavyoweza kuzizimisha ghafla, ndani ya siku mbili tatu? Malaria kali, kuhara kunakokausha mwili, mama kutokwa damu nyingi akijifungua. Hata ukuta ukimwangukia mtu. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitikisa eneo la Ziwa Kivu. Wilaya ya Rusizi, Rwanda, iliumia vibaya, na wengine liliwakuta kanisani. Msuli uliopondwa humwaga protini yake kwenye damu, nayo huziba na kuharibu vijifereji vya figo. Daktari Eric Bywaters alilieleza jambo hili mwaka 1941, baada ya kuwatibu watu waliofukuliwa chini ya nyumba zilizolipuliwa vitani London.

Wajua kwamba figo iliyozimika hivyo mara nyingi huamka, baada ya siku kadhaa au wiki kadhaa? Taabu ni kujua kama kweli inaamka. Kipimo cha damu cha kreatinini hutoa hesabu ya figo zote mbili kwa pamoja: moja ikiwa imelala na nzima ikibeba mzigo wa mwenziwe, damu yaweza kuonekana karibu salama.

Hapo ndipo kamera ya gama inapofaa. Mgonjwa hunywa maji, hulala chali, huchomwa sindano ya dawa yenye teknesiamu, na kamera huzitazama figo zake kwa nusu saa hivi. Wajua kwamba kamera hiyo haitoi mnururisho wowote? Unatoka ndani ya mgonjwa mwenyewe, kidogo tu, na kamera huupokea.

Kompyuta huchora mstari kwa kila figo. Figo nzima hupandisha mstari haraka, kisha mstari hushuka dawa inapoteremka kwenye kibofu. Kwa dawa iitwayo MAG3, figo iliyojeruhiwa vijifereji huipokea lakini haiiachii: mstari hupanda, ukabaki juu. Picha ikirudiwa baadaye na mstari ukaanza kuinama, figo inaamka. Kwangu mimi, hakuna mchoro hospitalini unaopendeza kuliko huo.

Wajua kwamba teknesiamu ndiyo elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu, mwaka 1937? Nguvu yake hupungua nusu kila saa 6, hivyo baada ya siku nzima hubaki sehemu moja kati ya 16. Kwa kuwa haiwekeki, hospitali hununua chombo chenye molibdenamu, ambayo huizaa teknesiamu taratibu. Wataalamu hukiita ng'ombe, na kila asubuhi "humkamua". Wafugaji wa Rwanda watalielewa jina hilo upesi.

Afrika Mashariki tiba ya nyuklia ipo Ocean Road jijini Dar es Salaam, Mulago jijini Kampala na Kenyatta jijini Nairobi. Si kila mgonjwa wa figo anaihitaji. Hufaa zaidi daktari anapotaka kujua ni figo ipi iliyolala, kama njia ya mkojo imeziba, au kwa nini figo iliyopandikizwa inachelewa kuanza kazi. Upandikizaji huo ulianza Hospitali ya King Faisal, Kigali, mwaka 2023.

Wajua kwamba kipimo cha kwanza ni chombo cha kupimia mkojo tu? Mtu wa kilo 60 asiyefikisha mililita 30 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, figo zake ziko hatarini. Mkojo wote huo haujazi glasi moja. Anayemuuguza mgonjwa wa malaria huko Gashonga, Rusizi, aweza kuliona hilo mapema na kumwahisha Hospitali ya Mibilizi.

Na wewe uliyewahi kuambiwa figo zako zilizimika, kisha ukaruhusiwa kwenda nyumbani: rudi baada ya miezi 3 upimwe damu, mkojo na presha, hata kama hujisikii mgonjwa.