Tuhariri Homilia Zetu

Tunaposoma tulichoandika wenyewe, mara nyingi tunaona tulichokusudia kusema, si kilichoandikwa. Ndiyo maana makosa hutupita. Tuiache rasimu walau usiku mmoja, kisha tuisome kwa sauti. Pumzi ikikatika, sentensi ni ndefu mno. Halafu tujiulize: ujumbe wetu mkuu ni upi? Aya isiyoubeba tuiondoe, hata kama inatupendeza. Juni 2024 Papa Fransisko alisema homilia isizidi dakika 8. Tusipopunguza, mwamini aliyetembea mbali kuja Misa atarudi nyumbani na maneno mengi, bila Neno. Kujisahihisha si aibu. Mtakatifu Augustino, akiwa amepita miaka 70, aliyapitia upya maandishi yake na kuyarekebisha. Nasi tuanze na homilia ya Jumapili ijayo.